Jumanne Si Jumamosi

Nilipokabidhiwa kazi ya kupanga muziki kwenye mgahawa wa hoteli moja hapa Dar es Salaam, nilichukua karatasi, nikachora siku saba, nikajaza bendi kila siku. Meneja aliitazama ile karatasi akaniuliza, "Jumatatu watacheza akina nani, wahudumu?" Nilinuna. Wiki ya tatu tukawa na bendi ya watu saba inawapigia wazungu wawili waliokaa na mabegi yao wakisubiri teksi ya kwenda uwanja wa ndege.

Mdogo wangu uliyeanza kazi hii juzi, kabla hujampigia mwanamuziki yeyote simu, kaa pale ukumbini wiki mbili na daftari. Saa moja jioni, saa tatu, saa tano. Wako wangapi, wamekuja na nani, wanaagiza nini, wanaondoka saa ngapi. Usimuulize bosi, maana atakuambia anachotamani. Waulize wahudumu na mtu wa kaunta.

Daftari langu lilinionyesha kwamba Jumatatu tulikuwa na wageni wa hoteli peke yao, wamechoka na safari, wanataka kula walale. Jumanne na Jumatano ni watu wa maofisi, wanne wanne mezani, wanazungumza tenda na viwanja. Alhamisi wenyeji wanaanza kujisogeza. Ijumaa inaanza mapema, saa kumi na moja jioni watu wameshafika, tai iko mfukoni. Jumamosi ndiyo iliyonishangaza: mpaka saa tatu usiku viti vitupu, kwa sababu watu wako harusini, kisha saa nne wanaingia kwa mkupuo wakiwa wameshakula huko. Jumapili mchana ni familia, bibi na wajukuu. Kwako inaweza kuwa tofauti kabisa. Hoteli ya Mikocheni na baa ya Tabata hazina Jumanne moja.

Basi Jumatatu nikaifuta bendi. Spika ndogo, muziki wa chini, yametosha.

Jumatano niliweka kijana mmoja na gitaa, na hata huyo mwanzoni nilimkosea kwa kumpa sauti kubwa. Nilikuwa nimekaa meza ya pili kutoka jukwaani nikaona mzee mmoja anamwagiza mhudumu chipsi kavu. Mhudumu ameinama, mkono sikioni, anaitikia kwa kichwa. Baada ya dakika ishirini ikaletwa chipsi kuku. Mzee akakataa, jikoni wakagoma kupokea, mhudumu akataka kulia kwa sababu sahani ile ingekatwa kwenye mshahara wake. Tangu siku hiyo kipimo changu ni hicho: nakaa meza iliyo karibu zaidi na jukwaa, naagiza kwa sauti ya kawaida. Nikilazimika kurudia, fundi mitambo anapunguza. Mwanamuziki atakuambia kwa sauti hiyo hajisikii. Mgeuzie spika ndogo moja imtazame yeye.

Alhamisi nilikuja nayo kutoka Unguja, ambako nilianzia kazi. Mji Mkongwe kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilianzishwa mwaka 2002, na vijana waliosomeshwa pale wamefanya taarab asilia ipatikane kwa kikundi kidogo: kanuni ile ya nyuzi nyingi, gitaa la udi, fidla, ngoma ya dumbak na mwimbaji. Watu watano, vyombo vya kubeba mkononi, na hata visipounganishwa na umeme vinasikika kwenye baraza. Wageni wanapenda, na wenyeji wa pwani wanapenda zaidi kwa sababu maneno wanayaelewa. Ila usichanganye na rusha roho, taarab ya kisasa ya kuchezeka. Ukimwambia mtu "leo kuna taarab" tu, atakuja na marafiki zake, wamevaa sare, wana noti za kumtunza mwimbaji, wakute fidla inapigwa polepole. Nilisemwa mlangoni siku hiyo mpaka nikajificha stoo. Kwenye tangazo andika wazi ni taarab ipi.

Ijumaa ni rumba na zilipendwa, na hapa utapambana na suala la vyombo. Bendi zetu kubwa za dansi zilikulia chini ya wenye vyombo. NUTA Jazz ya mwaka 1964, ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, Sikinde yenyewe, ilianza 1978 na baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la jiji. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa mshahara, na magitaa, spika na ngoma ni mali ya mwajiri. Mazoea hayo hayajafa. Utapatana na kiongozi wa bendi laki sita, unafurahi, Ijumaa saa tisa mchana anakupigia: "Bosi, vyombo mnavyo?" Ukisema huna, anakodi, na gharama ni yako. Swali la vyombo liulize kabla ya swali la bei.

Laki sita hiyo nayo ipigie hesabu. Kwetu mteja wa Ijumaa alikuwa anaacha kama shilingi 25,000. Ukitoa gharama ya chakula na kinywaji chenyewe, kinabaki kama 15,000. Kwa hiyo bendi ya 600,000 inahitaji watu arobaini zaidi ya wale ambao wangekuja hata bila bendi. Hayo maneno "zaidi ya wale" ndiyo wengi wanayaruka. Wanaona ukumbi umejaa wanasema bendi inalipa, kumbe nusu ya watu ni wa kila siku. Njia yangu ni kuacha Ijumaa moja bila bendi, tarehe ileile ya mshahara mwezi unaofuata, nikalinganisha. Bosi atapiga kelele. Vumilia.

Kuna jambo sijaona likifundishwa popote nalo ni jikoni. Bendi ikipanda sebene, kile kipande cha kasi cha kuchezea, saa mbili na nusu, watu wote wanainuka kucheza, hakuna anayeagiza. Inapopumzika saa tatu na robo, watu sitini wanakaa kwa pamoja na wote wana njaa. Oda zinamwagika jikoni kama mvua ya masika, sahani ya mwisho inatoka saa nne na nusu, na mteja anayesubiri nyama choma saa nzima hakumbuki kwamba solo lilipigwa vizuri. Niligombana na mpishi mkuu miezi miwili kabla sijaelewa kwamba kosa lilikuwa langu. Sasa seti ya kwanza ni ala tupu, taratibu, watu wakiwa wanaagiza na kula. Seti ya pili mwimbaji anaingia, bado rumba ya kukaa. Sebene ni seti ya tatu, sahani zimeshaondolewa, na kinachotoka ni vinywaji, ambavyo kaunta haihitaji kupika. Ratiba ya seti ninaibandika sehemu mbili, nyuma ya jukwaa na kwenye mlango wa jikoni.

Jumamosi sina mengi ya kukuambia. Anza kwa kuchelewa, weka vijana wa bongo fleva wanaopiga laivu, na DJ wa kumalizia. Siku hiyo inajipika yenyewe.

Wiki nayo si moja mwezi mzima. Tarehe 25 hadi 5 watu wana hela. Kuanzia tarehe 12 ni mwambo, na bendi kubwa siku za mwambo ni hasara uliyoitafuta. Tazama na mpira: mechi za usiku za Ulaya katikati ya wiki huku kwetu zinaanza saa nne au saa tano, na siku ya Simba na Yanga usipange chochote, washa televisheni. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya mwaka jana haikusaidii. Unguja mwezi huo tulinyamaza kabisa. Bara tunapunguza, na Iddi ikifika nafasi za wanamuziki zimeshakwisha kwa waliochelewa kuziomba. Leseni ya hakimiliki na kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, viwe kwenye faili kabla ya siku ya kwanza, na majirani uwajue kwa majina, maana watu wa mazingira mara nyingi huja kwa kelele jirani akishapiga simu.

Mkataba uandike, hata ukurasa mmoja. Mimi sikuandika, nikapata somo mara mbili. Mara ya kwanza bendi niliyoilipia iliwakilishwa na mwimbaji na mpiga tumba tu, waliobaki wote deiwaka, yaani wapigaji wa kuazima, waliookotwa jioni ileile, hawajui nyimbo, wanatazamana. Siku hizi majina ya wapigaji yanaandikwa, na deiwaka akizidi mmoja malipo yanapungua. Mara ya pili umeme ulikatika, jenereta ikawaka kwa kishindo, kinanda cha watu kikatoa moshi. Nani alipe? Hakuna karatasi iliyosema. Nilikatwa kidogo kidogo miezi minne, na sasa hakuna kinachochomekwa jukwaani bila kupitia stabilaiza yetu, niliyoinunua mwenyewe kwa hasira.

Halafu kuna chakula cha bendi. Hoteli nyingi huwapa wali maharage nyuma ya stoo saa sita usiku, umepoa, wakati wamekuja kutesti vyombo tangu saa kumi. Mimi nawalisha saa kumi na mbili jioni, chakula kilekile cha wafanyakazi wa hoteli, mezani. Malipo nayakabidhi kabla hawajafungasha nyaya. Nusu ya awali huwa imeshaenda kwa simu tangu Jumanne. Ijumaa moja mpiga besi wa bendi yetu alikwama Mbezi kwenye mafuriko, na wa bendi nyingine, aliyekuwa nyumbani Sinza siku yake ya mapumziko, alikuja kwa bodaboda na gitaa mgongoni ndani ya nusu saa. Alikuta tumemwekea sahani. Akala kwanza, sisi tukimsubiri, bosi akitazama saa.