Mvua "za wastani" Dodoma na mahindi yamekauka: jibu kwa aliyeuliza

Mkuu, umeuliza inakuwaje TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) watabiri mvua za wastani Dodoma, halafu mahindi yako Kongwa yakauke ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Mimi nalima mtama, uwele na alizeti upande wa Bahi, na kipimamvua ninacho shambani, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona.

Anza na hesabu. Dodoma mjini mvua ya mwaka ni kama milimita 570, karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mvua ya wastani ni ile iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Ukipiga hesabu unapata kuanzia milimita 430 hivi hadi 710. Wa 430 na wa 710 wote utabiri umewagusa sawasawa, ila mmoja anajaza ghala na mwenzake anauza mbuzi apate unga. Tena utabiri ni wa kanda nzima, wakati wingu la Januari linanyesha kijiji hiki na kuruka cha jirani.

Kinachotumaliza zaidi ni mtawanyiko. Huku kwetu mvua ina tabia ya kukatika kuanzia mwishoni mwa Januari hadi ndani ya Februari, wakati mahindi ndiyo yanabeba. Ikipiga ya milimita 60 jioni moja, hizo ni lita 60 kwa kila mita ya mraba. Nikitoka asubuhi nakuta korongo bado linatiririka maji mekundu, shambani udongo umefanya ukoko, na nikichimba kwa jembe maji yameshuka kina cha kiganja tu. Baada ya hapo wiki mbili au tatu za jua kali. Kwenye jumla ya msimu zile 60 zinahesabiwa zote, mzizi haukuzipata zote.

Ongeza joto. Kila nyuzi moja ya Selsiasi inayopanda, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo inanyonya udongo na majani kwa nguvu zaidi. Mvua ileile ya zamani leo haitoshi. Na hiki watu hawakiangalii: joto la "kawaida" linapimwa kwa miaka 30, sasa hivi 1991 hadi 2020, miaka ambayo yenyewe ilishakuwa na joto kuliko ya wazee wetu. Ukisikia joto limezidi wastani, ujue limezidi wastani uliokwishapanda.

Usitegemee pia kusikia tu "mwaka huu El Niño", yaani bahari ya Pasifiki imepata joto kuliko kawaida na kuvuruga mvua. Msimu wa 2023/24 ulikuwa wa El Niño: kaskazini maji yalizidi, tope likaporomoka Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu. Msimu huohuo Zambia mahindi yaliungua, serikali yao ikatangaza janga la taifa Februari 2024. Sisi wa kati tuko mpakani mwa hali hizo mbili, tunaweza kuangukia upande wowote.

Ushauri wangu: utabiri wa msimu ukitoka, soma wiki ya mvua kuanza na kile kipengele cha vipindi vya ukavu, kisha fuatilia taarifa za kila siku kumi. Mahindi yaache bondeni penye unyevu. Juu weka mtama wa mbegu ya Macia na uwele wa mbegu ya Okoa, vinakomaa mapema. Lima matuta ya kukinga mteremko na uyafunge katikati ili maji yasimame yazame. Hili la matuta nalisisitiza sana, maana mvua hatuipangi ila maji yakishatua shambani tunaweza kuyazuia.

Shamba lako ni kichanga au mfinyanzi, na mteremko ukoje? Niambie hapa tupange matuta yapishane kiasi gani kabla hujaanza kuandaa shamba.