Ndege anayeruka kutoka mweusi tena na ukungu

Kaka, unauliza kwa nini mwewe akiwa angani hutoka mweusi na mwenye ukungu, na lenzi ni ya milimita 400. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

Ukungu unatokana na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia. 1/500 ya sekunde inamtosha ndege aliyetua. Anayeruka anataka 1/2000, na mdiria anayepiga mbizi hata 1/3200. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, uache ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) ipande hadi 1600. Usiogope chembechembe zitakazotokea pichani, hizo hupunguzwa kwenye kompyuta. Picha iliyotikisika haina dawa. Fokasi iwe ile ya kumfuata ndege, si ya kujifunga mara moja.

Weusi unatokana na anga. Kamera huona weupe mwingi, ikapunguza mwanga. Kwenye kirekebisha mwanga cha kamera (alama ya +/-), weka +1 au zaidi kidogo. Ila akishuka mbele ya matete, rudisha sifuri, na kama ni yangeyange nenda -1, la sivyo manyoya yote yatapotea.

Kwa bwawa la Manguo, Limuru, fika jua linapochomoza, kama saa kumi na mbili na nusu. Kuelekea Magadi, saa nne tayari hewa inacheza juu ya ardhi yenye joto, na hapo hata lenzi ya bei haisaidii: sogea karibu au subiri saa kumi jioni. Ukipiga kutoka garini, zima injini, lenzi uilaze dirishani juu ya mfuko wa maharagwe. Kilo moja inatosha.