Kuingiza vitu vya lazima kwenye filamu ya saa 48

Mdogo wangu, umeuliza kama timu yenu hapo Moshi iandike skripti mapema, halafu ichomeke mhusika, kifaa na mstari wa mazungumzo vya lazima vikishatajwa na waandaaji wa shindano. Hapana. Kwenye 48 Hour Film Project, shindano la kutengeneza filamu fupi ndani ya saa 48 lililoanza Marekani mwaka 2001 na wengi huiga kanuni zake, kazi yote ya ubunifu hufanyika ndani ya muda huo. Kabla ya hapo ruhusa ni kupanga timu, kuazima kamera, kukagua maeneo. Basi kagueni: ongeeni na wenye vibanda soko la Mbuyuni, tafuteni chumba kisicho na kelele za bodaboda.

Wengi huchemka kwenye kifaa. Wakipewa mwavuli, wanauegemeza ukutani nyuma ya mwigizaji, basi. Kanuni imetimia, ila hadhira inacheka vibaya. Mwavuli huohuo mpe mama muuza ndizi: mteja kauweka rehani, jioni mwenye mali halisi anapita na kuutambua kwa mpini uliofungwa waya. Hapo ukiutoa, hakuna hadithi.

Mstari usemwe neno kwa neno, na upewe mtu ambaye maneno hayo yanamgharimu. Mhusika aonekane, na jina lake litajwe mapema. Hata konda wa kifodi, yaani daladala, anaweza kuliita.

Filamu ni dakika 4 hadi 7 tu, kwa hiyo wahusika watatu wanatosha kabisa. Na Ijumaa usiku, shindano likishaanza, msibishane hadi alfajiri. Saa sita skripti ifungwe, mhariri akalale.