Kitatange gani huyo? Usianze na rangi

Kila kaskazi ikiingia naulizwa swali lilelile na watu waliotoka kuogelea kwenye matumbawe ya Chumbe kule Zanzibar au Kisite kule Kenya: nimeona samaki wa bluu na njano, ni nani yule? Sasa ndugu yangu, bluu na njano kule chini ni nusu ya mwamba! Mimi nakuuliza kwanza mistari yake ilikaaje na ulimkuta wapi, rangi baadaye.

Mchukue huyu kitatange, jina lake la kitaalamu Pomacanthus imperator. Mkubwa ana mistari ya njano na bluu imelala ubavuni mpaka karibu na mkia, mkia wenyewe njano tupu, machoni ana utepe mweusi kama kavaa miwani ya jua, na anafika hata sentimita 40. Mtoto wake sasa! Bluu iliyokolea inakaribia weusi, halafu maduara meupe moja ndani ya lingine, yaani usingedhani ni ukoo mmoja, wengi wanahesabu samaki wawili kumbe ni yuleyule.

Hapo ndo pana mtego, maana mtoto wa ndugu yake, Pomacanthus semicirculatus, naye ni bluu na nyeupe vilevile, ila mistari yake imepinda tu, haifungi duara. Huyo wa pili ndo wanamwita samaki wa Kurani, kwa vile alama za mkiani zinafanana na maandishi ya Kiarabu. Ukiwa huna hakika kama ni jamii hii au ni wale vitatange wadogo wembamba, mwangalie shavuni, hawa wana mwiba pale chini ya kifuniko cha yavuyavu, wale wengine hawana.

Kuwatafuta sio kazi. Wakubwa wanapenda penye mapango na miamba iliyotokeza, wanakula sponji, wadogo wanajibanza chini ya matumbawe. Chumbe hawavui tangu 1994 kwa hiyo samaki hawana woga sana, ila kwingine ukimfukuza anaingia shimoni na ndo basi, we tulia juu ya maji atazunguka atarudi. Nenda maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana, maana bamvua, maji yakipanda na kushuka sana, mkondo unavuta na maji yanachafuka.

Na picha jamani, piga ubavu mzima mpaka mkia uonekane, hizi za mgongoni mnazonitumia hata mistari sioni.