Barua kwa mwanangu: jina kwenye kibao cha kisima

Mwanangu, baba yangu,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo. Kusi imeanza kuvuma na goti langu limeshapata habari zake, lakini sokoni nafika na kurudi kwa miguu yangu, alhamdulillahi.

Picha ya kibao nimeiona. Nilimwita binti wa jirani anikuzie kwenye simu, akaikuza mpaka likabaki jina lako peke yake limejaa kioo kizima. Kibao cheusi, herufi za dhahabu, “Kisima hiki kimejengwa kwa hisani ya”, halafu majina yako yote matatu, makubwa kuliko neno kisima lenyewe. Chini yake ukaniandikia: “Mama, niweke au nisiweke? Hivi kutaka jina ni vibaya? Mbona wakubwa wote wa zamani walilitaka?” Ukamalizia na vikatuni vya kucheka. Nimekuzaa mimi. Kicheko cha kuficha jambo nakijua.

Shekhe ukimuuliza atakueleza habari ya riya, yaani kutenda jema ili uonekane, na kwamba mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Mimi si shekhe. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, na ukimuuliza mwalimu wa historia habari za wakubwa wa zamani, huna budi kuvumilia. La kibao tutalifikia.

Unakumbuka siku nilipowapeleka darasa la sita Kilwa Kisiwani, wewe ukiwa mdogo bado, ukalia mpaka ukapakiwa kwenye mashua? Pale Husuni Kubwa ulikaa ukingoni mwa lile bwawa la pembe nane, ukining’iniza miguu, ukauliza maji yamekwenda wapi. Jumba lile lilijengwa katika karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, juu ya jabali linalotazama bahari, ili kila chombo kinachoingia kilione kabla ya kuona kitu kingine. Halikumalizika kujengwa. Alikuwa pia na sarafu za shaba zenye jina lake, na mojawapo imepatikana mbali kabisa bara, kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Kwa zama zile, jina lako likifika kule umekwisha kuenea kuliko hawa wenye wafuasi milioni kwenye simu.

Lakini leo tukimtaja sultani yule kama mtu, mwenye sura na tabia, hatumtaji kwa jumba wala kwa sarafu. Tunamtaja kwa sababu ya mgeni mmoja. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, aliteremka Kilwa, na baadaye safari zake zikaandikwa. Anasema watu walimpa sultani jina la Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa jinsi alivyokuwa akitoa. Ijumaa moja sultani anatoka msikitini, fakiri kutoka Yemen akamsimamisha njiani. Una haja gani? Nataka hizo nguo ulizovaa. Nitakupa. Sasa hivi? Naam, sasa hivi. Sultani akarudi msikitini, akaingia chumba cha khatibu, akavua, akavaa nyingine, akamwita fakiri akamkabidhi zile alizozivua.

Nilikuwa nikiwahadithia watoto, darasa zima linapiga makofi. Nikiishia hapo, kipindi kinakwisha vizuri. Ila hadithi inaendelea. Watu wakamsifu sultani sana. Mwanawe akazichukua zile nguo kwa fakiri, akampa watumwa kumi badala yake. Sultani naye alipopata habari jinsi watu wanavyomshukuru, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hebu isome tena taratibu, baba. Nguo alizitoa mwenyewe, mwilini mwake, kabla hajajua watu watasema nini. Pembe na watumwa wale kumi wa pili vilikuja baada ya sifa kumfikia. Mkono uliotoa ni uleule, lakini mara ya pili alikuwa anayalipa masikio yake. Na wale watu ishirini? Ibn Battuta, aliyetuandikia mpaka mazungumzo ya njiani neno kwa neno, hakutuambia hata mmoja wao alikuwa nani wala alitoka wapi. Wametajwa kwa hesabu, kama mizigo ya pembe. Miaka yote niliyofundisha nilikwama hapo, na nakiri mara nyingi niliruka, maana kengele ilikuwa inakaribia kulia na swali la mtihani lilihusu ukarimu wa sultani.

Alipokufa, akatawala nduguye Daud. Huyo mtu akimwendea kuomba, alimjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha kitu cha kutoa. Na yeye jina lake limefika kwetu, kwa maneno hayohayo ya uchoyo. Kalamu ya mgeni haichagui.

Sasa twende Misri kidogo, maana huko kuna fundi mmoja ambaye angekufaa sana katika jambo lako hili. Mnara wa taa wa Iskandaria, uliojengwa mnamo mwaka 280 KK, ulikuwa na kimo cha zaidi ya mita 100. Mwandishi wa kale, Lucian, anasimulia kwamba mjenzi wake Sostratus wa Cnidus alichonga jina lake mwenyewe kwenye jiwe, kisha akalipaka plasta, na juu ya plasta akaandika jina la mfalme aliyekuwa akitawala. Mfalme akapita akaona jina lake, akaridhika. Fundi alijua kazi yake. Alijua plasta ina siku zake. Ikabanduka na jina la mfalme, likabaki la fundi.

Kama ilitokea hivyo hasa, anajua Lucian na Mola wake, lakini mimi naipenda hadithi hii kuliko zote, na ninapenda zaidi mwisho ambao Lucian hakuweza kuujua. Ibn Battuta yuleyule wetu alifika kwenye mnara ule mwaka 1326 akakuta upande mmoja umebomoka. Akarudi mwaka 1349, umeharibika hata hakuweza kuingia. Mitetemeko ya ardhi ilimaliza kilichobaki. Jiwe la fundi nalo likaenda na maji.

Wengine hawana hata subira ya kujenga. Mwaka 356 KK mtu mmoja alilichoma moto hekalu la Artemi kule Efeso ili tu ajulikane. Watu wa Efeso wakapiga marufuku jina lake kutajwa, mwandishi mmoja akaliandika hata hivyo, na ndiyo maana mpaka leo mtu akitaka kumjua atamjua. Mimi simtaji. Nyumba yangu ni ndogo lakini sheria yake naitunga mwenyewe.

Tuje kwako Dar. Kila ukienda Posta unaipita Sanamu ya Askari pale Samora. Nina hakika hujawahi kusimama ukasoma maandishi yake, kwa sababu pale hakuna anayesimama isipokuwa anayengoja mtu. Iliwekwa mwaka 1927. Lakini kabla ya Vita Kuu ya kwanza mji huohuo ulikuwa na sanamu nyingine, ya Mjerumani Wissmann, yule aliyekuja na majeshi kuivunja pwani hii. Yeye kasimama juu, na chini yake askari Mwafrika anamtazama. Mwafrika yule hakuandikwa jina. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, sanamu ikaondolewa ikapelekwa London kama ngawira, kisha ikarudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg mbele ya chuo kikuu. Mwaka 1967 wanafunzi wakaiangusha. Ikasimamishwa tena. Mwaka 1968 wakaiangusha tena, na safari hii ikabaki chini. Yaani mzee wa watu alisafirishwa mabara mawili akitafutiwa mahali pa kuheshimiwa, akakosa.

Waingereza nao wakaweka yao, hii ya askari mwenye bunduki na singe inayoelekea bandarini. Kidogo afadhali, aliyepandishwa juu safari hii ni Mwafrika. Maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling, na sanamu za Nairobi na Mombasa ni ndugu zake. Yanawakumbuka askari, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wana wako watalikumbuka jina lako.

Izunguke sanamu ile pande zote nne, baba, utafute jina moja tu. Hakuna. Wameahidiwa majina na wasiowaandika majina. Waingereza walikuwa na tume yao ya makaburi ya vita tangu mwaka 1917, na kanuni yake ilikuwa kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, awe mkubwa au mdogo. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na homa, wakibeba masanduku ya risasi za watu wengine.

Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Litamke kwa ulimi wa babu zako, haraka haraka. Kariakoo. Wewe una duka pale mwaka wa tisa sasa, jina limeandikwa kwenye kila risiti unayotoa, na kila siku makondakta wanawapigia kelele wapagazi wale bila kujua. Sisemi hiyo ni haki yao iliyolipwa. Mama zao wangetaka jina la mtoto, si la kikosi. Lakini angalia, Wissmann yuko stoo na wao wako kwenye kinywa cha kila abiria.

Nina kisa kingine cha majina, si cha vitabuni. Shule moja niliyofundisha, ambayo sitaitaja, mfadhili mmoja ambaye simtaji vilevile alitujengea vyoo. Matundu sita, na juu ya mlango bamba la chuma lenye jina lake, kubwa, la rangi nyekundu. Sherehe ikafanyika, utepe ukakatwa, tukapigwa picha mimi nikiwa nyuma kabisa na mwavuli. Haukwisha muhula, watoto wakaacha kusema wanakwenda chooni. “Mwalimu, naomba ruhusa niende kwa Fulani.” Na hapo sema jina kamili la yule bwana, kwa heshima zote. Nilikataza, nikachapa, nikachoka. Mpaka nastaafu watoto walikuwa wanakwenda kwa Fulani, na walimu wageni wakidhani ni muuza maandazi.

Kwa hiyo si kwamba kutaka jina ni vibaya. Nami nilifurahi nilipoona jina langu kwenye cheti cha kustaafu, ijapokuwa lilikosewa herufi mbili. Na hilo lako, usisahau, nilikuazimia kutoka kwa baba yangu. Wazee wa hapa wakilisoma kwenye kibao hawatakuona wewe, watamwona yeye na kofia yake na madeni ya nazi aliyowasamehe. Ukitaka kulitumia, ujue unatumia mali ya watu wawili.

Nikuambie nilichokiona kisimani, maana wewe ulituma pesa na mimi nilipeleka uji. Walikuwa vijana watatu. Kamba waliifunga kwenye mnazi wa mzee jirani, wakaizungushia gunia isilikate gome. Mmoja anashuka na sururu na taa ya kichwani, wawili wanavuta ndoo. Kuanzia mita ya sita wakakutana na mwamba wa matumbawe, ikawa wanakwenda shubiri moja kwa siku. Aliyekuwa akishuka akitoka juu amekuwa mweupe kwa vumbi la chokaa, kope na nywele, anakaa dakika nzima hasemi, kisha anaomba kikombe. Siku maji yalipotoka alipiga kelele kutoka chini, sisi juu tukadhani kaangukiwa na jiwe. Mwenzake alikuwa tayari ameshaanza kushuka. Maji ya kwanza yalikuwa kama maziwa. Tuliyangoja siku nne yatulie.

Basi fanya hivi. Simenti ya ukingo wa ndani bado haijamwagwa. Itakapomwagwa, ikiwa mbichi, wale vijana watatu waandike majina yao kwa msumari, kwa mkono wao, wala usiwasahihishie herufi. Kibao kitengeneze, lakini rangi ya dhahabu warudishie wenyewe. Kiandikwe mwaka, kina cha kisima kwa mita, na namba ya simu ya fundi wa pampu, maana pampu itakufa kabla yangu. Jina lako likae chini, dogo, bila “kwa hisani ya”. Ukiona aibu kuliweka, liache, sitakasirika. Ukiona aibu kuliacha, liweke.

Tena, nilitaka kukuficha hili lakini utaliona ukija. Watu wameshakipa jina. Jana nimemsikia mtoto akitumwa maji, akaambiwa aende Kisima cha Mwalimu. Mimi, ambaye sikutoa hata senti, nilipeleka uji tu, na siku mbili nilisahau sukari. Nimewaeleza mara tatu kwamba mwenyewe ni mwanangu. Wananiitikia vizuri, ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, kisha wanachukua ndoo zao wanakwenda Kisima cha Mwalimu.

Ukija uniletee miwani, ile ya zamani imekatika mkono. Msalimie mkeo, wabusu wajukuu.

Mama yako
Kilwa Masoko