Unapiga kinanda kwa sikio? Basi usiguse somo la Muziki kabla ya kusoma hapa

Hapana. Usihame. Au hama, lakini kwanza soma hii yote, maana swali lako nimelisoma nikiwa kwenye matatu na nimepitiliza stejini kwa sababu yako.

Unasema uko kidato cha tatu, umechoshwa na Biashara, na unataka kuiacha uchukue Muziki kwa kuwa yako kundi moja la kuchagulia masomo. Unasema kanisani unapiga kinanda kila Jumapili bila kusoma noti hata moja, na mwalimu wa kwaya amekuhakikishia kwamba wewe "una sikio", kwamba Muziki ni somo la kupumzikia na A yako inakungoja. Kisha ukauliza ununue kinanda gani, kuna kozi gani mbele ya safari, na utamwelezaje mzee wako.

Mdogo wangu, maneno hayo na mimi niliambiwa. Nilikuwa na Biashara, B ya kila muhula, nikaiacha. Matokeo ya KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, yalipotoka nilikuwa na D+ ya Muziki. Mpiga kinanda wa kanisa, kijana wa kualikwa kwenye harusi za watu, D+ ya Muziki. Mama alitaka twende shuleni tukaulize kama wamechanganya namba za watahiniwa. Kutoka B hadi D+ ni pointi tano, na mimi nilihitaji chache kuliko hizo kutoka C ya jumla niliyopata hadi C+ ya kuingilia chuo kikuu. Fanya hesabu. Mimi nimeshaifanya mara nyingi, hasa usiku.

Sasa nikueleze D+ inavyotengenezwa.

Muziki ni somo namba 511 kwenye KCSE na una karatasi tatu: vitendo, kusikiliza, halafu nadharia na historia. Mtu mwenye sikio akiona neno "kusikiliza" hucheka. Na mimi nilicheka. Nilijua kwamba wengine watahangaika na mimi nitatoka mapema nikale mandazi. Kumbe karatasi ile haikuulizi kama umesikia. Inakuchezea mdundo, unauandika. Inakuchezea melodia, unaiandika kwenye mistari mitano, kwa penseli, noti kwa noti, kila noti na urefu wake. Inakuchezea sauti mbili, unataja umbali uliopo kati yake. Kadensi, yaani jinsi kifungu cha muziki kinavyofungwa, unaitaja. Wimbo umehama kii, yaani sauti ya msingi unaojengwa juu yake, unasema umehamia wapi. Hakuna mahali popote palipoandikwa "sasa imba ulichosikia". Ni sawa na mtu anayeongea Kiswahili cha kumtoa nyoka pangoni, halafu siku ya insha ndiyo anashika kalamu kwa mara ya kwanza.

Melodia niliisikia yote. Hadi leo naweza kukuimbia ile ya kwanza. Lakini nilipomaliza kuchora klefu ya trebo, ile alama ya mwanzo wa mistari (niliichora vizuri sana, ilitoka na mkia kabisa) rekodi ilikuwa imefika mwisho. Ilipochezwa tena nikapata noti za mwanzo ila sikujua kama ile ya pili ni kwava (nusu pigo) au krocheti yenye nukta (pigo moja na nusu). Basi nikaandika krocheti. Ya tatu nayo krocheti. Nilijaza ukurasa mzima krocheti, zimejipanga kama wanafunzi paredi ya asubuhi. Kila nikihesabu mapigo, baa moja (kile kipande kati ya mistari miwili ya wima) ina matano na jirani yake ina matatu, wakati wimbo ni wa nne kwa nne, mapigo manne kila baa.

Na hapo vitendo vilikuwa vimeshanimaliza. Nakuomba usome sehemu hii polepole, kwa sababu nina hakika kinanda cha kanisani kwenu kina kile kitufe.

Unakijua. Kile cha kupandisha na kushusha kii, transpozi. Mimi nilijua kupiga C peke yake. Mama mmoja wa ushirika akianzisha pambio kwa E flati, nabonyeza mara tatu, napiga C yangu ileile, kanisa linasema amina. Akianzisha F, nabonyeza mara tano. Vibonyezo vyeusi kwangu vilikuwa mapambo. Miaka yote hiyo watu wananiita fundi, na hakuna aliyeniambia kwamba fundi ni kile kitufe.

Siku ya mtihani nikaingia chumbani nikakuta piano ya mbao. Mtahini akasema kwa upole: skeli ya E flati meja, mikono miwili, oktavo mbili. Mkono wangu wa kushoto ukapanda wenyewe kutafuta kitufe. Kwenye piano. Ya mbao. Ulipapasa pale juu mpaka mtahini akainua macho kuona natafuta nini. Nilijifanya napangusa vumbi. Halafu nikaanza kupiga skeli ya C, nikasimama, nikaomba msamaha, nikaanza tena skeli ya C.

Akanipa karatasi ya kusoma papo hapo, kipande ambacho hujawahi kukiona. Flati mbili, sita kwa nane. Nikaitazama, nayo ikanitazama. Mwishowe nikamwambia: "Samahani, mwalimu, unaweza kunipigia mara moja tu niisikie?" Yule mtu hakucheka. Afadhali angecheka. Aliandika kitu kifupi, na mimi nikajua.

Kipande nilichotayarisha nilikipiga safi, lakini nilikuwa nimekariri vidole baada ya kumtazama mwenzangu akikipiga. Ukinisimamisha katikati nilikuwa lazima nianze mwanzo.

Sasa huyo mwalimu wa kwaya aliyenipoteza. Jina simtaji, na shule siitaji. Alikuwa anakodiwa msimu wa tamasha ukifika, na kwa tamasha alikuwa moto, hilo simnyimi. Mnajua wenyewe mambo ya Kenya Music Festival. Mashindano yale yapo tangu 1927 na kuna shule ambazo heshima yao yote iko kwenye kabati la vikombe. Bwana huyu alikuwa anatupanga makundi: soprano darasani, alto kwenye ngazi, tenori chini ya mti, besi nyuma ya maktaba. Anaimba mstari, tunarudia, anaimba, tunarudia, mpaka unaingia. Karatasi ya noti alikuwa nayo yeye peke yake. Tulifika hadi kitaifa. Shule ikapiga picha na kombe, yeye akapewa bahasha na kuitwa tena mwaka uliofuata. Na katika kwaya nzima ile iliyoshangiliwa ukumbi mzima, ukitoa noti ukauliza hii ni nini, tungekujibu kwa tabasamu.

Ndiye aliyeniambia "wewe una sikio". Bila shaka nilikuwa nalo! Lilimfaa yeye. Kijana mwenye sikio anashika mstari haraka, hasumbui, kombe linakuja. Hasara ya kuwa na sikio peke yake inakuja mwaka wa mtihani, na wakati huo yeye yuko shule nyingine anapanga besi nyuma ya maktaba nyingine. Kwa hiyo huyo wako akikwambia A ni yako, muulize swali moja: ni wangapi aliowafundisha yeye wamekalia karatasi ya kusikiliza, na walipata ngapi? Akianza kuhesabu vikombe, ondoka.

Kanuni yangu ni moja na sina nyingine: kila siku andika baa nne za kitu ulichokisikia, kwa mkono, bila kinanda. (Baa za muziki. Zile nyingine nilizijua baada ya matokeo.) Usikose siku. Tangazo la redio, mlio wa simu ya jirani, pambio la jana. Wiki za kwanza andika mdundo tu, usijali noti ziko juu au chini. Piga makofi, hesabu mapigo, andika. Mdundo ukikaa ndipo uongeze sauti. Ukimaliza sasa fungua kinanda, piga ulichoandika, wala si unachokumbuka, usikie ulipokosea. Hapo kwenye kosa ndipo somo lilipo. Mimi nilianza hivyo nikiwa na kazi na kodi ya nyumba, na ndani ya miezi kadhaa nilikuwa nafanya kile nilichoshindwa nikiwa na mwalimu, dawati na chakula cha bure.

Wewe huna nafasi ya kuja kujifunza uzeeni. KCSE ya 2027 ni ya mwisho ya mtaala wa 8-4-4. Wanaokufuata ni Gredi 10, wana mtaala wao. Ukianguka, hakuna darasa la nyuma la kurudia nalo.

Jamaa hapo juu amekujibu kwamba sol-fa (kuandika noti kwa do, re, mi) inatosha kwa sababu "ndiyo waliyotumia wazee wetu". Sol-fa naipenda. Waingereza walioitengeneza karne ya 19, Sarah Glover na baadaye John Curwen, walitaka watu wa kawaida waimbe bila kuogopa mistari, na wamishonari wakatuletea huku. Itakusaidia sana kusikia umbali: ukijua do-so inavyokaa kooni, hutahangaika kutambua tano kamili, umbali wa noti tano. Itumie kichwani. Lakini melodia unaiandika kwenye mistari mitano, ndugu, na usije ukamjazia mtahini d:r:m ukamwambia ni urithi.

Karatasi ya tatu sina maneno mengi. Kuna kupanga sauti nne, hapo chunga tano sambamba na nane sambamba, yaani sauti mbili zinazotembea pamoja zikiwa na umbali uleule wa noti tano au nane. Kuna historia ya muziki wa Wazungu, soma. Kuna muziki wetu na ala zake: nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane, orutu ina mmoja, obokano ni ya Abagusii, chivoti ni ya Mijikenda, isukuti ni ya Waluhya, nani anapiga, wakati gani, kwa nini. Hayo yanakaririka hata na mtu aliyechelewa. Kusikiliza hakukaririki, ndiyo maana napiga kelele.

Kinanda? Nunua chochote chenye vibonyezo vya ukubwa wa kawaida, 61 vinatosha kuanzia, kisha siku hiyohiyo ziba transpozi kwa selotepu. Usipoweza kuivumilia hiyo selotepu mwezi mmoja, rudi Biashara kabla hujasajiliwa mtihani. Biashara haikuwa mbaya hivyo. Kuna siku nakumbuka hadi ile mizania.

Leo usiku fanya hivi. Chukua penseli, chora mistari mitano, uandike wimbo wa taifa, baa nne za mwanzo, bila kinanda na bila simu. Umeuimba tangu chekechea, kwa hiyo sikio halina kisingizio. Nakupa onyo moja: asili yake ni bembelezi ya Wapokomo na uko kwenye kii ya maina, ile yenye sauti ya huzuni, wengi huuandika kwa meja halafu wanashangaa mbona hauitiki. Piga picha ulichoandika, na makosa yake, usifute, uiweke hapahapa chini. Nitaisahihisha mimi mwenyewe.