Wagonjwa wangapi wanatosha? Nilivyojifunza kwa kuumbuka

Modeli yangu ya kwanza ya utabiri ilikuwa nzuri mno. Kazi yake ilikuwa kukadiria uwezekano wa mgonjwa aliyelazwa kufariki ndani ya siku 30, na kwenye data niliyoitumia kuijenga iliwatenganisha waliopona na waliofariki kana kwamba imewahi kuwaona. Na kweli ilikuwa imewaona. Tulipoijaribu kwa wagonjwa wa hospitali nyingine ikaanza kupayuka: waliopewa hatari kubwa, wengi wao walirudi nyumbani salama, na miongoni mwa walioambiwa hawana neno, vifo vilizidi utabiri. Haikuwa imejifunza chochote. Ilikuwa imekariri.

Nilikuwa na wagonjwa wasiofika 400, na waliofariki walikuwa 42. Kanuni ya "matukio kumi kwa kila kigezo" nilikuwa naijua: tukio ni lile unalolitabiri, kwangu kifo, na kigezo ni taarifa ya mgonjwa unayoitumia kutabiri, kama umri. Wengi wetu tuliirithi kutoka tafiti za miaka ya 1990 zilizofanywa kwa kuiga data kwenye kompyuta. Nikagawa 42 kwa 10, nikapata 4, nikaweka vigezo vinne kwenye modeli, nikalala usingizi wangu. Nisichokiandika kwenye ripoti, kwa sababu hata mimi sikukiona kuwa ni jambo, ni kwamba vile vinne nilivichagua kati ya zaidi ya 30, nikivipitia kimoja kimoja na kuangalia thamani ya p, yaani kipimo cha jinsi ilivyo rahisi uhusiano kama huo kuonekana kwa bahati tu.

Ukichukua jambo moja tu kwangu, chukua hili: hesabu vigezo vyote vilivyoitwa kwenye usaili, si vile vilivyopata kazi. Kila kigezo unachokichungulia kwenye data ile ile kinapata nafasi ya kukudanganya, hata ukikitupa baadaye. Tena usihesabu majina ya vigezo, hesabu parameta, yaani namba ambazo modeli inalazimika kuzikadiria kutoka kwenye data. Hatua ya ugonjwa yenye madaraja manne ni parameta tatu. Umri ukiuruhusu ufuate mkunjo badala ya mstari ulionyooka, unakula parameta mbili au zaidi. Ukisema athari ya dawa inategemea jinsia, hiyo nayo ni parameta. Vile "vigezo 30" vyangu, nilipokuja kuvihesabu kwa haki, vilikuwa vimepita 40. Matukio 42 kwa parameta arobaini na ushee! Ningejua, ningecheka kabla ya wengine.

Siku hizi sianzi na kanuni ya kumi. Kuanzia 2019 mtakwimu Richard Riley na wenzake walichapisha njia inayouliza maswali kadhaa kwa pamoja: je, kiwango cha jumla cha tukio kitakadiriwa kwa usahihi? Makosa ya wastani kwa mgonjwa mmoja mmoja yatakuwa madogo? Modeli itakariri kiasi gani? Kila swali linatoa idadi yake ya wagonjwa, nawe unachukua iliyo kubwa kuliko zote. Kuna kifurushi kiitwacho pmsampsize, cha programu za takwimu R na Stata, kinachofanya hesabu kwa sekunde chache.

Swali la kukariri ndilo mara nyingi linaloamua, kwa hiyo tulikalie kidogo. Tunataka modeli ambayo athari za vigezo vyake hazitahitaji kusinyazwa, yaani kupunguzwa nguvu, kwa zaidi ya asilimia 10 ikikutana na wagonjwa wapya. Tuseme tukio linawapata asilimia 10 ya wagonjwa, parameta ni 20, na tunatarajia modeli ieleze asilimia 15 ya tofauti kati ya wagonjwa inayoweza kuelezwa. Jibu ni wagonjwa 2,409, yaani matukio kama 241, takriban 12 kwa kila parameta. Utasema basi kanuni ya kumi haikukosea sana. Sasa badilisha kitu kimoja tu: tukio liwapate nusu ya wagonjwa. Wanaohitajika wanashuka hadi kama 1,500, lakini matukio yanakuwa karibu 37 kwa kila parameta. Kanuni ya kumi ingekuambia wagonjwa 400 wanatosha. Ndiyo maana namba moja isiyobadilika haiwezi kuwa jibu kwa kila utafiti.

Ile asilimia 15 inatoka wapi? Kama kuna modeli iliyokwisha kuchapishwa kwa tatizo lako, anza na uwezo wake. Kama hakuna, 15 ni dau la mtu mwoga, na katika kazi hii napenda waoga. Anayeniletea 50 bila ushahidi namwona anatafuta sampuli ndogo.

Na kama data ni hiyo hiyo uliyonayo, haiongezeki? Punguza parameta, tena kabla ya kufungua faili. Kaa na madaktari, waulize ni vigezo vipi wanavyoviamini na vipi vinavyopatikana kirahisi kitandani kwa mgonjwa. Katika mfano wa kwanza hapo juu, ukishuka kutoka parameta 20 hadi 10 wagonjwa wanaohitajika wanakuwa 1,205. Usikate data vipande viwili, kimoja cha kujengea na kingine cha kupimia. Utakuwa umepunguza sampuli ambayo tayari haitoshi. Jenga kwa data yote, kisha upime kwa kuchota sampuli mpya kutoka ndani yake mara nyingi, kila mara ukirudia hatua zote, pamoja na ile ya kuchagua vigezo. Wapo watakaokuambia lasso, njia ya kujenga modeli inayosinyaza athari na kutupa vigezo dhaifu, itakuokoa. Inasaidia, lakini sampuli ikiwa ndogo, hata kiasi cha kusinyaza hukadiriwa vibaya. Mbinu za kompyuta kujifunza yenyewe, kama misitu ya nasibu na mitandao ya neva, ndiyo kabisa: zina njaa ya data kuliko regresheni ya lojistiki, njia ya kawaida ya takwimu ya kukadiria uwezekano wa tukio.

Kuijaribu modeli kwa wagonjwa wapya nako kuna hesabu yake. Kwa muda mrefu tumeambiwa angalau watu 100 waliopata tukio na 100 wasiolipata. Mimi nauchukulia huo kuwa mlango wa kuingilia tu.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea pendekezo la utafiti lenye vigezo 26 na matukio 60 yanayotarajiwa. Tulikaa saa mbili na daktari wa wodi, tukabaki na vitano. Vile 21 tulivitaja kwa majina kwenye itifaki, na sababu ya kuviacha, kabla hajapewa nywila ya data.